Ni Betri Ipi Inayolalamika?

Nazungumza nanyi mlioko Gisenyi mjini, Mbugangari, Byahi, Rugerero, mpaka Nyundo na Mahoko. Na ninyi majirani zetu wa Goma mnaotusikia kutoka Birere na Majengo, karibuni, maana mawimbi ya redio hayapangi foleni mpakani Petite Barrière. Sogeeni karibu. Kama una laptopu ya zamani hapo nyumbani, ilete mezani, kwa sababu leo tunaizungumzia yenyewe ikiwepo.

Tunazungumza juu ya kile kidirisha kinachochomoza pembeni mwa kioo na kukuambia betri iko chini. Unachomeka chaja, kinarudi. Unasubiri saa nzima, kinarudi. Unazima mashine, unalala, asubuhi unawasha, kipo. Sasa mtu afanye nini? Wengi wetu hufanya moja kati ya mawili. Yupo anayezoea, akawa anakifunga kila kinapotokea huku akiendelea na kazi zake. Na yupo anayekwenda moja kwa moja dukani, anatoa pesa, anapewa betri mpya, anarudi nyumbani, anaipachika, anawasha mashine. Kidirisha kile kile kinamkaribisha.

Huyu wa pili ndiye ninayemwonea huruma, na leo nataka kuzungumza naye hasa. Ndugu yangu, ndani ya laptopu ya zamani mara nyingi kuna betri mbili, si moja. Na viko vifaa kadhaa humo ndani vyenye ruhusa ya kulalamika kwamba betri iko chini. Kwa hiyo kabla hujatoa hata faranga moja, jiulize: ni nani anayelalamika? Nitalirudia swali hili mara nyingi jioni hii, mnivumilie. Ni nani anayelalamika?

Tuanze na jambo la bure, lisilohitaji fundi. Zima mashine kabisa. Chomoa chaja. Kama betri yako ni ya aina inayotoka, itoe. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa nusu dakika hivi, ingawa hakuna umeme wowote unaoingia. Unamaliza mabaki ya umeme yaliyojificha ndani, na ile chipu ndogo inayosimamia uchajishaji inaanza upya. Rudisha betri, chomeka chaja, washa. Kuna mashine zinazopona hapo hapo. Si nyingi, lakini zipo, na gharama yake ni nusu dakika tu.

Haikupona? Basi nijibu swali hili: onyo lako linatokea wakati gani?

Kama linatokea mwanzoni kabisa, kioo kikiwa bado cheusi, maandishi meupe, kabla hata Windows haijafunguka, basi ikishafunguka tazama saa. Ndiyo, saa na tarehe, pale chini pembeni. Kama mashine inakuambia tuko mwaka 2010, au Januari mosi ya mwaka fulani uliopita zamani, basi betri unayoilaumu haina kosa. Anayelalamika ni mwingine. Ni kibetri kidogo cha duara, chapati ya chuma yenye ukubwa wa sarafu, kilichojificha kwenye ubao wa mashine. Kazi yake ni kuitunzia mashine saa na mipangilio yake wakati haina umeme kutoka popote. Jina lake kwenye maandishi yale ya kioo cheusi ni CMOS. Ukiona neno CMOS karibu na neno la betri, usiende kununua betri kubwa. Narudia: ukiona CMOS, usinunue betri kubwa.

Mnaweza kuniuliza: kibetri cha saa kinanihusu nini mimi? Nitawaambia kinavyowahusu, hasa vijana wangu wenye vibanda vya Irembo. Tangu huduma ile ya serikali mtandaoni ianze mwaka 2015, kila mtaa wa mji huu una mtu aliyekaa na laptopu nyuma ya meza ndogo, anawaombea wenzake vyeti vya kuzaliwa, anawaandikisha mtihani wa leseni ya udereva. Laptopu hizo nyingi ni za umri mkubwa. Sasa siku moja asubuhi mteja amekaa, ukurasa unakataa kufunguka. Kioo kinaonya kwamba muunganisho si salama. Kijana analaumu intaneti. Ananunua bando jingine. Bado. Analaumu tovuti yenyewe. Kumbe tatizo ni tarehe! Kila tovuti yenye ulinzi hubeba cheti, na cheti hicho kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Mashine inayoamini tuko mwaka 2010 inapotazama cheti kilichotolewa mwaka huu inasema: hiki bado hakijaanza kutumika, siwezi kukiamini. Nayo inafunga mlango. Mara nyingine saa hujirekebisha yenyewe ikishapata intaneti, mara nyingine tofauti ni kubwa mno, inakataa. Ukiirekebisha tarehe kwa mkono, kila kitu kinafunguka. Kesho asubuhi imerudi kule kule.

Kibetri hicho kwa kawaida ni aina ya CR2032, volti 3, kile kile kinachotumika kwenye baadhi ya mizani na rimoti. Fundi mwenye kipimo cha umeme anakipima kwa sekunde chache: kikionyesha 3 au karibu yake, kizima, kikiwa kimeshuka hadi mbili na nusu, kimekwisha. Lakini tahadhari moja. Kwenye laptopu nyingi hakikukaa wazi kama kwenye mizani, kimefungwa kwenye plastiki na kina nyaya mbili zenye kichwa kidogo cha kuchomeka. Usimruhusu mtu akukatie nyaya hizo na kuziunga kwa gundi ya karatasi. Chukua cha zamani, nenda nacho, utafute kinachofanana.

Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalioni. Kibetri hiki hufanya kazi hasa pale betri kubwa inapokuwa haipo au imekufa na chaja imechomolewa. Kwa hiyo ukiwa na betri kubwa mfu, kisha kila jioni unafunga kibanda na kuchomoa kila kitu ukutani, kibetri cha saa ndicho kinachokesha peke yake usiku kucha. Ndiyo maana mashine nyingi hufikwa na mambo yote mawili kwa wakati mmoja, na mtu anadhani ni ugonjwa mmoja.

Haya. Tarehe yako iko sawasawa, na onyo linatokea ukiwa kazini, chaja imechomekwa. Ni nani anayelalamika hapo? Mimi humshuku mtu wa kwanza: chaja. Na chaja ni safari ndefu, inaanzia ukutani.

Umeme wetu wa nyumbani hapa Rwanda ni volti 230, na soketi zetu ni za matundu ya duara. Laptopu nyingi zilizotumika zinafika kwetu kutoka Dubai, kutoka Kampala, kutoka Nairobi, na plagi yake ni ile ya vyuma vitatu bapa. Unafanya nini? Unanunua adapta ya bei ndogo, unaichomeka kwenye ekstensheni, ekstensheni nayo imebeba pasi, simu tano na redio, labda hii hii unayonisikilizia. Gusa adapta hiyo kwa kidole. Ina joto? Inacheza? Ukiisukuma kidogo, taa ya chaja inawaka, ukiiachia inazimika? Basi laptopu yako inakula na kufungishwa siku nzima bila wewe kujua, na haki yake ni kulalamika.

Kutoka ukutani tunakuja kwenye tofali la chaja, lile lenye maandishi madogo. Mwambie kijana mwenye macho akusomee. Tafuta neno OUTPUT. Utaona volti, kwa kawaida 19 na ushee, na pembeni yake utaona ampea. Zidisha namba hizo mbili, unapata wati. Chaja za kawaida ni za wati 65, nyingine 45, nyingine 90. Geuza laptopu, tazama chini yake inaomba ngapi. Mashine iliyoomba 90 ukaipa 65 itawaka. Itakufungulia barua zako. Lakini ukiitumia kwa nguvu, hakuna kinachobaki cha kujaza betri, au hata inachota kwenye betri kuongezea. Utakaa umeichomeka ukutani na betri inashuka mbele ya macho yako. Nani alaumiwe hapo? Si betri.

Halafu kuna hila moja ya chaja ambayo mafundi wazuri wanaijua na wasio wazuri hawaijui. Tazama kichwa cha chaja, kile kinachoingia kwenye mashine. Kwenye laptopu nyingi za zamani za Dell na za HP, katikati ya kichwa hicho kuna pini nyembamba kama sindano. Pini hiyo haipitishi umeme wa kujazia betri. Kazi yake ni kujitambulisha: inaiambia mashine, mimi ni chaja halali, nina wati kadhaa. Pini hiyo ikipinda au ikikatika, au ukinunua chaja ya bandia isiyojua kujitambulisha, mashine haiwezi kujua uwezo wa chaja. Kwenye Dell, kwa mfano, itakubali kuwaka, tena polepole, lakini itakataa kujaza betri. Unaona basi? Taa ya chaja inawaka, mashine inafanya kazi, betri haijai, onyo linarudi. Mtu yeyote mwenye akili timamu atailaumu betri. Na atakosea.

Utajuaje? Zima mashine, iwashe tena, na papo hapo bonyeza mfululizo F2 kama ni Dell, F10 kama ni HP, F1 kama ni ThinkPad. Utaingia kwenye ukurasa wa ndani unaoitwa BIOS. Usibadilishe kitu, wewe ni mgeni humo. Kwenye Dell, tafuta tu palipoandikwa habari za adapta. Ikiwa imeandika wati 65 au 90, wametambuana. Ikiwa imeandika kwamba haiifahamu, tatizo liko kwenye chaja, au kwenye tundu la kuingizia chaja. Azima chaja ya jirani yenye namba zile zile ujaribu. Kuazima ni bure, na mji huu haukosi jirani mwenye laptopu.

Kwa wenzetu wa bonde la mto Sebeya nina neno la pembeni. Mafuriko ya Mei 2023 yaliingia ndani ya nyumba nyingi, na vitu vililoa. Kama mashine yako ilipata maji siku zile, ikakaushwa juani na ikawaka, ukashukuru Mungu, bado inawezekana vyuma vya mahali betri inapogusana na mashine vimeota kutu ya kijani. Betri nzima, chaja nzima, lakini umeme haupiti vizuri katikati. Kusafisha vyuma hivyo kwa spiriti na mswaki mkavu ni kazi ya dakika chache kwa fundi. Mwombe atazame hapo kwanza.

Sasa tumeisafisha chaja jina lake. Tarehe sawa, adapta sawa, pini sawa. Onyo lipo. Tumebaki na betri yenyewe, lakini hata hapo msikimbie, kwa sababu ndani ya betri kuna watu wawili: kuna seli zinazobeba umeme, na kuna chipu inayohesabu umeme uliobaki. Nani kati yao analalamika?

Ile asilimia unayoiona, 80, 40, 10, hakuna anayechungulia ndani ya seli akaiona. Ni hesabu. Chipu inaandika kilichoingia na kilichotoka, na miaka inavyopita hesabu inapotoka. Dalili yake ni kuruka: ulikuwa na 45, hujaenda hata kunywa chai, unaona 6. Au onyo linakuja, mashine inatishia kufa, lakini ukiiacha inaendelea saa nzima na zaidi. Hapo hesabu ndiyo iliyopotea. Dawa yake ni kuifundisha upya. Jaza betri mpaka mwisho, iache kwenye chaja saa mbili hivi baada ya kujaa. Chomoa, itumie mpaka izime yenyewe. Kisha ijaze tena mpaka mwisho bila kukatiza. Hilo la kutokatiza linahitaji kuchagua siku, mnajua wenyewe, usianze jioni ya mvua na radi wala siku ambayo Cash Power yako imebakiza uniti mbili. Na usifanye hivyo kila wiki kama dozi. Kuimaliza betri ya lithiamu mpaka chini kunaichosha. Mara moja, ukaona hesabu imenyooka, basi.

Na kama unataka kujua hali ya seli zenyewe, Windows inayo siri moja nzuri na haiuzwi. Chukueni kalamu. Fungua sehemu ya kutafuta, andika cmd, bonyeza Enter, kitatokea kidirisha cheusi. Andika hivi: powercfg, yaani p, o, w, e, r, c, f, g, vyote pamoja. Acha nafasi moja. Weka mkwaju, ule mstari ulioinama kwenda kulia. Kisha batteryreport, yote pamoja bila nafasi. Bonyeza Enter. Itakuambia imehifadhi ripoti mahali fulani, ifungue kama unavyofungua ukurasa wa intaneti. Hiyo ni kwa Windows 8 na zilizofuata. Mwenye Windows 7 aandike energy badala ya batteryreport, na kidirisha hicho cheusi akifungue kwa idhini ya msimamizi wa mashine.

Kwenye ripoti kuna mambo mengi, yaache. Tafuta mistari miwili tu. DESIGN CAPACITY ni uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani. FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo wake leo ikiwa imejaa kabisa. Linganisha. Ikiwa ilitoka kiwandani na 48,000 na leo inabeba 12,000, umebakiwa na robo, hata kioo kikiandika asilimia 100. Ile mia ni mia ya robo! Kipimo changu mimi ni hiki: ikiwa imebaki zaidi ya nusu, endelea kutafuta mkosaji kwingine. Ikiwa iko chini ya theluthi, betri imechoka, usimsumbue fundi.

Kwa nini zinachoka? Betri hizi za lithiamu zilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na watu watatu waliozifanikisha, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Mzee Goodenough alikuwa na miaka 97 siku hiyo. Wazo lake lilitumia kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inachimbwa hapa hapa kwa jirani, Kongo, huko Kolwezi. Kwa hiyo betri hiyo mkononi mwako huenda ilitoka Kongo ikiwa jiwe, ikazunguka dunia, na ikarudi Gisenyi imezeeka. Kila unapoijaza na kuitumia, sehemu ndogo ya lithiamu inanasa ndani na hairudi tena kazini. Joto linaharakisha. Kukaa imejaa mia kwa mia siku zote, imechomekwa kuanzia asubuhi mpaka jioni kwenye meza ya kibanda, nako kunaharakisha. Hali ya hewa yetu hapa ziwani ni nzuri, baridi ya wastani. Joto la laptopu zetu linatoka kwingine: feni iliyojaa vumbi jeusi la mawe ya volkano, na mashine iliyowekwa juu ya blanketi.

Na kwa nini betri iliyochoka inaonya mapema, ikiwa bado na asilimia 30? Wavuvi wa sambaza wananielewa haraka hapa. Usiku mnawaona wanakwenda ziwani na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Mtumbwi mmoja ukiingia maji, ile miwili mizima haiwezi kuendelea na safari bila huo. Ndani ya betri nyingi za laptopu seli zimepangwa hivyo hivyo, makundi matatu yamefungwa mfululizo. Kundi moja likidhoofika, ulinzi wa betri unakata umeme wote, ingawa makundi mawili bado yana akiba. Ndiyo sababu ukifungua video au michezo, kazi nzito inayovuta umeme kwa nguvu, lile kundi dhaifu linaporomoka na onyo linaruka. Ukiandika barua tu, unapata muda mrefu zaidi.

Hapo ndipo fundi fulani atakuambia: nipe, nitaifungua, nibadilishe seli mbovu tu. Mimi msimamo wangu ni kukataa. Seli mpya na seli zee hazikai vizuri pamoja, na anayechomelea risasi moja kwa moja juu ya seli ya lithiamu anaipikia moto tumboni. Yupo fundi mwenye mashine maalumu ya kubandika vibati na anayebadilisha seli zote kwa pamoja. Huyo ni mwingine. Muulize kabla hujamwachia.

Na kama betri imevimba, kitufe cha panya kimeinuka, mfuniko haufungi sawasawa, hapo hatuzungumzii tena onyo. Zima. Usiibonyeze irudi. Usiitoboe kutoa hewa, nimesikia watu wakishauri hivyo, ni hatari kubwa. Itoe ikiwa inatoka kwa urahisi, iweke nje juu ya saruji au mchanga, mbali na chochote kinachoshika moto na mbali na watoto.

Umeamua kununua mpya. Vizuri. Iwe dukani hapa mjini, iwe Goma, iwe Kigali, nenda na betri ya zamani mkononi na mashine yenyewe begani. Soma volti. Iliyoandikwa 10.8 na iliyoandikwa 11.1 zinaelewana, ni kundi moja. Iliyoandikwa 14.4 na 14.8 nazo ni kundi moja. Usichanganye makundi hata kama umbo linaingia. Ipime uzito kwa mkono, betri ya bandia mara nyingi ni nyepesi. Kisha, kabla ya kulipa, ipachike, washa, fanya ile ripoti niliyowasomea. Muuzaji akikasirika kwamba unamchelewesha, umeshajua unashughulika na nani. Ripoti inaweza kudanganywa, ndiyo, chipu ya bandia inaandika inachotaka. Kwa hiyo chomoa chaja, fungua video, kaa hapo hapo dukani nusu saa ukizungumza habari za mpira. Betri mpya isiyovumilia nusu saa si mpya.

Swali linaloletwa sana: je, naweza kulizima tu onyo? Unaweza. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows kuna kiwango cha onyo, kwa kawaida asilimia 10, na cha hatari, asilimia 5. Kitazame, maana kwenye mashine iliyotumika huenda mwenyewe wa kwanza aliweka 40 kwa sababu zake, na wewe umerithi kelele zake. Mwenye kibanda ambaye mashine yake haiondoki mezani na betri imekufa kabisa, kama betri inatoka, aitoe, afanye kazi kwa chaja. Lakini ajue kwamba umeme ukikatika, fomu ya mteja inapotea papo hapo. UPS ndogo, kile kisanduku cha akiba ya umeme, itamfaa kuliko betri mpya, na mara nyingi inabeba na modemu ya intaneti pia.

Na mwenye kununua betri mpya, ingia kwenye programu ya mtengenezaji au kwenye BIOS. Kwenye laptopu nyingi za kazi, Lenovo, Dell, HP, utakuta sehemu ya kuweka kikomo cha kuchaji, asilimia 80. Weka. Kwa mashine inayoshinda imechomekwa, hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo.

Kuhusu friji, kwa sababu najua mtaniuliza: hapana. Kuweka betri kwenye friji ili ifufuke ni hadithi iliyotoka kwenye betri za zamani za aina nyingine. Lithiamu haifufuki kwa baridi, na unyevu utakuongezea kutu.

Ile iliyokufa usiitupe ziwani, usiichome na takataka za nyumbani. Rwanda ina kituo chake cha taka za kielektroniki kule Bugesera, kinaendeshwa na Enviroserve, na hupokea pia betri za kompyuta na za simu. Ziba vyuma vyake kwa selotepu ili visigusane, iweke pembeni pakavu, na uliza ofisi ya sekta yako zinakusanywa wapi.

Wiki ijayo, wakati kama huu, tutazungumza juu ya simu iliyotumbukia ziwani, na kwa nini mchele hausaidii sana kama mnavyoamini. Fundi wetu wa mitambo ameshaninyooshea kidole kwenye saa.